Senyenge imefika kabla ya mtalii: nani ameandika njia ya pwani kwetu Mtwara na Lindi?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite, lakini mwenye kwao Mtwara au Lindi namwomba asome mpaka chini.

Mimi mzaliwa wa pwani ya Mtwara Vijijini. Nilifanya kazi hotelini Nungwi, Unguja, miaka sita, nikarudi nyumbani, na sasa kazi yangu ni kutembeza wageni: Mikindani, Msimbati, mara mojamoja Kilwa. Utalii ndio unaonilisha na kunisomeshea watoto. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani naupiga vita.

Kaskazi iliyopita nilikuwa kijijini siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali. Saa mbili na nusu asubuhi mama mkubwa wangu, dada yake mama, akatoka kwenda mwambani kama alivyotoka maisha yake yote. Ndoo kichwani, chuma cha pweza mkononi, kanga kaikaza kiunoni. Nikamsindikiza. Njia naijua kwa miguu: unatoka msikitini, unakata kwenye mikorosho, unashuka mchangani, dakika tano uko majini.

Tulipofika kwenye mikorosho tukakuta senyenge. Nguzo za zege, nyaya nne, na kibao cha "Eneo binafsi". Mlinzi ni kijana wa hapohapo, nimecheza mpira na baba yake. Akamwamkia bibi shikamoo, akainamisha uso, akasema, "Bibi, wamesema mzungukie kule mikokoni."

Kuzungukia mikokoni, kwa miguu ya mama mkubwa, ni karibu saa nzima. Asiyewinda pweza ataona saa moja si kitu. Lakini mwamba wakati wa bamvua unakaa nje saa tatu hivi. Ndani ya muda huo ndipo unatembea umeinama, unatazama wapi kuna vigamba vya chaza na makombe vimerundikwa mlangoni mwa shimo, maana pweza akishakula hutupa maganda nje, na hayo ndiyo yanamsema. Ukichelewa saa moja, wenzako wameshayapita mashimo yote. Na kurudi nako ni lazima uwahi, kwani mikokoni maji yakianza kujaa hapapitiki.

Siku ile alirudi na pweza mmoja. Hakulalamika. Aliosha miguu, akakaa barazani, akaniuliza kama hao wenye uzio nawajua.

Nikaanza kuulizia, na hapa ndipo penye shina la uzi huu. Hakuna aliyedhulumiwa shamba. Familia tatu ziliuza, kila moja iliuza chake, hela ililipwa, sahihi zipo. Njia haikuuzwa na mtu yeyote, kwa sababu haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa ya wote, na kwa kuwa ilikuwa ya wote, hakuna aliyeitaja kwenye karatasi hata moja. Ikafungwa pamoja na mashamba.

Hoteli yenyewe haijajengwa. Hakuna tofali lililolala, hakuna mgeni aliyelala. Hasara imetangulia.

Nungwi wenzangu wa umri wangu walinionyesha mahali baba zao walipokuwa wakiegesha ngalawa. Siku hizi pana viti vya kuotea jua. Walinionyesha kwa kidole tu, kutokea mbali. Mimi sitaki kuja kuwaonyesha wanangu diko letu kwa kidole.

Mleta uzi (naendelea)

Mtasema kusini kwetu watalii wenyewe wako wapi, mbona nawahi kupiga kelele. Ni kweli hawajawa wengi. Hata wakubwa wakisema "mzunguko wa utalii wa kusini", mara nyingi wanazungumzia Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Mradi mkubwa uliobeba jina hilo, wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, ulihusu hifadhi hizohizo nne. Na mnakumbuka ulivyokwisha: wananchi wanaopakana na Ruaha walilalamikia kuhamishwa na manyanyaso, benki ikasimamisha fedha Aprili 2024, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Kila mwenye kupanga utalii wa kusini anatakiwa aukumbuke mwezi huo kabla hajafungua ramani.

Uchache wa wageni kwetu ndio unaonitia haraka. Ardhi ya pwani inanunuliwa sasa, wakati bado ni rahisi. Watu wakishajaa, kila mita itakuwa na hati na kila hati itakuwa na wakili.

Chukueni Msimbati. Kuanzia mwaka 2000 eneo lile liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650 hivi, nchi kavu na bahari pamoja. Wengi hawajui kwamba vijiji vimo ndani ya hifadhi. Watu hawakuondolewa, wanaishi humo, wanalima, wanavua, kwa masharti. Sheria ya hifadhi za bahari ya 1994 iliwekwa hivyo kwa makusudi, na mimi naiunga mkono. Baruti zilizokuwa zikilia kwenye ile miamba zilimaliza matumbawe ambayo hata wajukuu wetu hawatayaona yakirudi kama yalivyokuwa. Mgeni ninayempeleka ufukwe wa Ruvula anakuja kuona matumbawe na kasa. Nyangumi nao wanapita pwani hii kuanzia Julai mpaka Novemba. Bila ulinzi sina cha kumwonyesha.

Lakini kaeni na mvuvi wa juya, ule wavu wa kukokota, mumsikilize. Aliambiwa nyavu yake ni haramu, akaisalimisha au ikachomwa. Akaambiwa utalii utakuja kuziba pengo. Amengoja. Mgeni anafika na gari kutoka mjini, anakuja na maji yake na chakula chake, anaogelea, anapiga picha, jioni amerudi mjini. Kijijini ameacha nini? Dafu mbili. Na huyo mvuvi ni mtu wa eneo ambalo gesi iligunduliwa tangu 1982, akaona bomba likizinduliwa 2015 kupeleka gesi Dar es Salaam, na vurugu za kupinga bomba hilo zilizotokea Mtwara 2013 anazikumbuka vizuri. Ukimwambia habari za "manufaa yanakuja", anakutazama tu. Msimlaumu.

Kilwa ni hivyohivyo kwa sura nyingine. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifia mji. Mwaka 2004 magofu yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mawimbi yakila ufukwe na kuta zikianguka, na 2014 yakatolewa baada ya ukarabati. Kazi nzuri, naisifu. Ila fuatilia safari ya mgeni mmoja kwa siku moja. Kibali anakata Masoko, mji wa ng'ambo bara. Boti anakodi Masoko. Analala Masoko, anakula Masoko. Anavuka ule mkondo, anatembea Msikiti Mkuu, ngome ya Gereza, kasri la Husuni Kubwa, saa tatu zimekwisha, anarudi. Na kisiwani kuna watu, wana nyumba na visima na mbuzi katikati ya hayo magofu, na wao ndio wanaoambiwa usichimbe hapa, usichukue jiwe pale, usijenge huku. Masharti yanalala kisiwani, hela inalala ng'ambo.

Mara ya mwisho nilibadilisha kitu kimoja tu kwenye ratiba yangu. Niliwaambia wageni wanne kwamba chakula cha mchana tutakula kisiwani, kwa mama mmoja niliyempigia simu siku mbili kabla. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Wageni walikaa ukumbini kwake saa mbili, hawakutaka kuondoka, na aliyechota maji, aliyeuza samaki na aliyekuna nazi wote walikuwa wa palepale. Sikuhitaji mradi wala semina, nilihitaji namba ya simu ya yule mama na kutuma hela ya soko mapema.

Karibuni tujadili. Nitarudi usiku.

Mchango #6

Mleta uzi, tatizo letu watu wa kusini ni hili. Mwekezaji hajaweka hata msingi, tushamwandalia masharti. Akihamishia hela zake Bagamoyo tutabaki na pweza wetu na njia yetu. Vijana wanataka ajira.

Mleta uzi

Mkuu, nakuelewa na sikubezi, maana hata mimi ajira ya hoteli ndiyo iliyonitoa. Lakini tuzungumze ajira zipi. Nungwi nilianza kwa kuosha vyombo, nikapanda mpaka kuhudumia meza, nikaishia hapo. Jikoni, mapokezi na uhasibu walishika watu waliokuja na vyeti na lugha. Hoteli ikifunguliwa kwetu mwaka kesho, vijana wetu watapata ulinzi, bustani na kufua mashuka. Yule kijana aliyemzuia bibi njiani tayari ana ajira ya utalii. Ndiyo ile.

VETA ziko Mtwara na Lindi. Muda wa kupeleka vijana wakasome upishi na mapokezi ni sasa, wakati kiwanja bado kina senyenge tu. Mwekezaji akija kuomba ridhaa ya kijiji, kijiji kimwambie: tunakupa ridhaa, wewe tusomeshee vijana kumi kabla hujafungua, majina haya hapa. Mwekezaji wa kweli hakimbii kwa hilo. Anapunguza gharama ya kuleta watu kutoka mbali.

Halafu kuna biashara ambayo mimi naiona kubwa kuliko mishahara: kuilisha hoteli. Watu wanadhani hoteli zinawakataa wavuvi wetu kwa dharau. Nimekaa karibu na mlango wa jiko, nimeona. Mpishi anataka kilo zilezile kila siku, mvuvi analeta arobaini leo na kesho hana. Mpishi anataka samaki aliyelala kwenye barafu tangu alipotoka majini, mvuvi barafu hana. Mhasibu anataka risiti ya mashine, mvuvi hana. Basi samaki wananunuliwa kwa tajiri mmoja wa mjini mwenye jokofu na risiti, na huyo tajiri amewanunua kwa mvuvi wetu alfajiri kwa bei ya diko. Wavuvi kumi wakiungana wakawa na kasha la barafu, mashine ya risiti na mtu mmoja wa kuandika, bei yote hiyo inabaki kijijini. Mama wa mchicha na kijana wa mayai hivyohivyo.

Na tusiweke mayai yote kapu moja. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika, mimi nilikaa bila mgeni. Kilichotulisha nyumbani ni mhogo na bahari. Mwaka 2020 wakati wa korona vilevile. Kijiji kikishapoteza njia ya kwenda mwambani, mwaka wa namna hiyo kitakula nini?

Mchango #11

Nyie wa pwani mna senyenge, sisi Liwale tuna tembo. Shamba la ufuta ekari tatu usiku mmoja. Unaripoti, wanakuja kupima, unasubiri kifuta jasho mpaka msimu mwingine unafika. Watalii wanaokuja kumwona huyo tembo mimi sijawahi kumwona hata mmoja.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Umenifungua macho, nilikuwa nafikiria ufukwe tu.

Kwa wasiojua: mazao yakiliwa na wanyama, serikali inatoa kitu kinaitwa kifuta jasho, na mtu akijeruhiwa au kufa kinaitwa kifuta machozi. Majina yenyewe yanakwambia kwamba si fidia. Jasho linafutwa, ufuta haurudi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na sehemu iliyobaki ndiyo imeegemea kwenu, penye uwindaji zaidi kuliko magari ya picha. Vijiji vyenu vingine vimetenga ardhi kwenye jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Magingo. Maana yake mmeshatoa, tena mmetoa eneo kubwa. Swali linabaki la daftari: kilichoingia ni kiasi gani, kimekwenda wapi, nani ameona.

Mimi mfano ninaoushika uko Kilwa, na si wa utalii. Ni wa mpingo. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kitenge msitu wake, kiusimamie, na mapato ya mazao yake yaingie kijijini. Kilwa wakafanya, wakapima mti mmojammoja, na 2009 misitu ya vijiji vyao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Mbao zinauzwa, hesabu inasomwa mkutanoni, wanakijiji wanaamua kisima au nyumba ya mwalimu. Mtu akiingia na msumeno usiku, kijiji kizima kinamkamata, kwa sababu anaiba kisima chao. Mlinzi wa kulipwa hafikii ulinzi wa namna hiyo.

Kwa tembo, mwanakijiji anayelala macho shambani akipiga madebe anastahili sehemu ya kila kitanda cha kambi na kila kibali cha uwindaji, kwa kiwango kilichoandikwa, kinachobandikwa kwenye ubao wa kijiji. Si hisani ya mwisho wa mwaka.

Mchango #14

Umesahau Tendaguru, kilima cha Lindi kilikochimbwa mifupa ya dinosaria. Mjusi wetu yuko Berlin.

Mleta uzi

Sijamsahau. Kati ya 1909 na 1913 mifupa zaidi ya tani 200 ilitoka Tendaguru ikabebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu mweusi kama sisi, na wachimbaji walikuwa wa huku. Leo yule mjusi amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu wanalipa kiingilio.

Mjadala wa kumrudisha nauachia wanaoujua. Mimi ningeanza na kitu kidogo tunachoweza wenyewe: barabara ya kufika kilimani, vijana wa vijiji vya jirani wafundishwe historia hiyo wawe waongozaji, na jina la Boheti liandikwe Lindi mahali mtoto wa shule atalisoma. Mgeni nimempeleka pale. Hakukuta kibao wala mtu wa kumweleza, mpaka tulipompata mzee mmoja shambani akatusimulia aliyosimuliwa na babu yake. Yule mzee tulimlipa sisi, kwa kukadiria.

Mchango #19

Nimekuelewa mleta uzi. Kwetu wamekuja wapimaji wiki jana, na mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi. Nipe la kwenda kusema, tena kwa kifupi, maana pale mtu akiongea dakika tano anazomewa.

Mleta uzi

Nimefurahi mno, mkuu. Nikushauri kama nilivyoshauriwa na mwanasheria mmoja tuliyekaa naye.

La kwanza ujue nguvu yenu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, yaani isiwe tena chini ya kijiji, na haizidi hekta 250, anayekubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Si mwenyekiti peke yake, si kamati. Mkutano. Kwa hiyo Jumamosi msiende kusikiliza taarifa, nendeni kuamua. (Walio mjini, mfano Mikindani ambayo iko ndani ya manispaa, hii haiwahusu moja kwa moja, kwenu ni ardhi ya mjini na mlango wenu ni manispaa.)

La pili, mtu atasimama aseme "msiwe na wasiwasi, kuna mita 60". Ni kweli, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mjibu kwa adabu: mita 60 zinalinda ufukwe, sisi tunauliza tutafikaje huko ufukweni. Kati ya msikiti na hizo mita 60 kuna kiwanja cha mtu. Bibi hana mabawa.

Basi ombeni njia itajwe. Itajwe kwa jina lake mnaloiita wenyewe, itoke wapi iishie wapi, upana wake hatua ngapi, na kwamba iko wazi usiku na mchana kwa sababu bamvua halina saa za ofisi. Itajwe na diko la kuegesha vyombo, na kisima kama kipo, na makaburi kama yapo, maana makaburi nayo husahaulika. Yaingie kwenye muhtasari wa mkutano, yachorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na mpimaji aweke bikoni, zile alama za mipaka, pande zote mbili za njia kabla hajaondoka. Mpimaji akiwa bado yupo na vifaa vyake, kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Akishaondoka, itawachukua miaka.

Na wapelekeni wanawake wa pweza mkutanoni. Najua Jumamosi wako mwambani, kwa hiyo ombeni mkutano uwe mchana baada ya maji kujaa. Wanaume wengi wanaokaa mbele kwenye mikutano yetu hawajawahi kuipita hiyo njia tangu utotoni.

Kwetu sisi tumechelewa lakini hatujakaa. Mwenye uzio tumemwandikia barua, na nikiri kwamba amejibu kistaarabu, amesema hakuonyeshwa njia yoyote wakati ananunua. Namwamini. Tumepanga kukutana naye hapohapo kwenye senyenge, siku ya bamvua, asubuhi, yeye, mwenyekiti na wazee wawili. Mama mkubwa nimemwambia ajiandae. Ameniuliza aje na nini, nikamwambia aje na ndoo na chuma chake, atutangulie kutoka msikitini.

Mkuu wa #19, ukitoka mkutanoni Jumamosi rudi hapa utuambie imekuwaje. Na yeyote mwenye muhtasari wa kijiji ulioitaja njia ya pwani kwa jina, wa Lindi, Mtwara au hata Pwani, naomba anitumie picha yake. Nataka kuwa nao mkononi siku hiyo.